Malalamiko juu ya Livingstonia na Karonga tulizolipia bila kufikishwa

Tukuyu, Wilaya ya Rungwe,
Mkoa wa Mbeya.

Mkurugenzi,
Kampuni ya Ziara na Usafirishaji,
Mbeya.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUKATISHWA KWA RATIBA YA SIKU ZA MWISHO ZA ZIARA YA MALAWI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika kwa niaba ya walimu wastaafu wa Rungwe na wenzi wao, ambao mwezi Agosti tulisafiri na kampuni yenu kwenda Malawi baada ya kila mmoja kulipa shilingi 780,000 kwa ratiba iliyochapwa na kugongwa muhuri wa ofisi yenu. Kuhusu siku za Lilongwe na Salima hatuna neno: tulilala pazuri, tukala kwa wakati, na dereva aliendesha kwa uangalifu. Malalamiko yetu yanaanzia asubuhi tuliyoondoka Nkhata Bay kuelekea kaskazini.

Nilipopiga simu ofisini kwenu baada ya kurudi, nilijibiwa kwamba ziara ilikwisha Nkhata Bay na kwamba kilichobaki kilikuwa "siku za kurudi tu". Jibu hilo ndilo lililonifanya nikae chini kuandika barua hii, kwa sababu halilingani na karatasi mliyotupatia wenyewe. Ratiba inasema wazi kwamba baada ya Nkhata Bay tungepanda Livingstonia, kituo cha kale cha misheni kilichoko mlimani, na kulala huko, kisha tungeshuka Karonga, tukatembelea makumbusho, tukaonana na wenyeji wetu na kulala, ndipo kesho yake tuvuke mpaka wa Songwe kuingia Kasumulu. Watu wa Rungwe hatukuwa na haja ya kuchanga fedha za kiinua mgongo ili tukaone Ziwa Nyasa, kwa kuwa ziwa hilohilo tunalo Matema. Tulichokifuata ni hizo siku za mwisho, na wengi wetu tulichagua kampuni yenu kwa kuwa ndiyo pekee iliyokubali kuziweka kwenye ratiba.

Kwa wanaofundisha historia, Livingstonia si kituo cha kupita tu. Misheni ile ilianzishwa Cape Maclear mwaka 1875, ikahamia Bandawe mwaka 1881 kwa sababu ya vifo vya malaria, na huko nako malaria ikaifuata, mpaka mwaka 1894 Dkt. Robert Laws alipoihamishia juu ya safu ya milima inayolitazama ziwa. Nyumba yake ya mawe leo ni makumbusho, kanisa lake lina dirisha la vioo vya rangi lenye picha ya David Livingstone, na karibu yake kuna maporomoko ya Manchewe, ambayo wenyeji husimulia kwamba nyuma yake watu walijificha wakiwakimbia wakamata watumwa. Nimefundisha habari za utumwa na za wamisionari kwa maisha yangu yote ya kazi, na nilitaka kusimama mahali pale kabla miguu haijanikataa.

Barabara ya kupanda huko kutoka Chitimba ina kona kali 20, sehemu kubwa yake ni mawe na vumbi, na basi refu haliwezi kukata kona zile. Jambo hilo si siri, wala halikuanza wiki tuliyosafiri. Hata hivyo, kampuni yenu ilitupeleka Chitimba kwa basi refu, na ni hapo chini tu ndipo mwongozaji wenu aliposimama mlangoni na kututangazia kwamba gari halipandi, kwamba anayetaka kwenda juu akodi matola, yaani pikapu ya kubeba abiria, kwa fedha yake mwenyewe, na kwamba basi lingeondoka baada ya saa mbili, muda ambao usingetosha kwenda, kutazama chochote na kurudi. Pikapu iliyokuja ilikuwa imejaa magunia na kreti za soda. Mama mmoja aliyekuwa mwalimu mkuu wetu, ambaye amefanyiwa upasuaji wa nyonga, aliweka mguu mmoja juu ya tairi, akashika bomba la pembeni, akajaribu kujinyanyua, akashindwa, akashuka taratibu na kwenda kukaa kivulini, mkoba wake ukiwa mapajani. Hatukuwa radhi kumwacha pale, na hata wenye nguvu hawakupanda. Mwongozaji wenu wakati huo alikuwa ndani ya basi akizungumza na simu.

Baadaye tulifahamu simu ile ilihusu nini, kwa sababu dereva, ambaye sina sababu ya kumlaumu, alitueleza ukweli tulipomuuliza: "Wazee wangu, gari linatakiwa Mbeya asubuhi, lina oda ya Dar." Kwa maneno mengine, wakati sisi bado tuko Malawi na siku zetu bado hazijakwisha, basi tulilolilipia lilikuwa limekwisha kukodishwa kwa watu wengine.

Karonga tuliipita dirishani. Hapa naomba unisome kwa makini, Ndugu Mkurugenzi, kwa kuwa hasara ya hapa haimo katika fedha peke yake. Wangonde wa Karonga na sisi Wanyakyusa ni ndugu. Tukizungumza tunaelewana, na mto Songwe uligeuzwa kuwa mpaka na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 bila yeyote wa pande hizi mbili kuulizwa. Walimu wastaafu wa Karonga walikuwa wametuandalia chakula, na sisi tulikuwa tumewabebea majani ya chai ya Tukuyu. Kiongozi wao alinipigia simu akiniuliza tumefika wapi, nami nikalazimika kumjibu kwamba tumekwisha kuupita mji wao. Kwa umri wangu sijawahi kumtendea mtu hivyo, na sikulichagua hilo.

Tulikosa pia makumbusho ya Karonga, ambayo ndani yake kuna umbo zima la mifupa ya dinosaria aliyepewa jina la Malawisaurus, pamoja na habari za taya la binadamu wa kale lililopatikana Uraha mwaka 1991, lenye umri wa zaidi ya miaka milioni mbili. Mifupa ya dinosaria wetu wa Tendaguru ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin, kwa hiyo mwalimu wa Tukuyu anayetaka kusimama mbele ya umbo la mnyama wa namna hiyo, pa karibu kwake ni Karonga.

Haraka yote hiyo haikuzaa kitu. Tulifika Songwe usiku, tukakuta huduma zimefungwa, tukalala ndani ya basi huku tumekaa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu, wakati vyumba tulivyovilipia Karonga viko mwendo usiozidi saa moja nyuma yetu. Mwenzetu mwenye kisukari alikula biskuti alizopewa na dereva. Mwongozaji wenu alikwenda kulala gesti.

Kwa hiyo tunadai mturudishie gharama za malazi ya Livingstonia na Karonga, chakula cha siku hizo na viingilio vyote ambavyo havikulipwa, kwa kila msafiri, pamoja na mchanganuo unaoonyesha mlivyokokotoa. Tunadai maelezo ya maandishi ya nani aliyeamuru basi lirudi kabla ya wakati na kwa nini lilipelekwa gari lisiloweza kupanda Livingstonia. Tena tunataka kampuni yenu iwaandikie wenyeji wetu wa Karonga barua ya kuomba radhi, ikieleza bayana kwamba si sisi tuliowapita. Barua hiyo mtukabidhi, nasi tutaifikisha wenyewe. Kwangu mimi dai hili la mwisho lina uzito kuliko fedha.

Tunawapa siku 21 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila majibu, tutapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani, ambayo inasimamia haki za mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, tukiambatanisha ratiba yenye muhuri wenu na stakabadhi zetu zote. Majibu yaletwe kwa maandishi, si kwa simu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenyekiti wa msafara,
Mwalimu mstaafu, Tukuyu.

Nakala: Wasafiri wote.