Kwa mdogo wangu: jeraha la gumba

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kwa wote nyumbani. Mimi mzima, na kliniki imejaa kwa kuwa msimu wa skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji, umepamba moto. Uliniuliza ni majeraha gani tunayapokea. Magoti ni mengi, lakini linaloniuma roho ni la kidole gumba, maana watu hulidharau.

Mtu huanguka fimbo ya skii ikiwa bado mkononi. Akijikinga kwa kiganja, fimbo hukisukuma kidole gumba nje, mbali na vidole vingine, na ligamenti, yaani ukanda unaoshikanisha mifupa, iliyo kwenye kiungo cha shina lake, upande wa kidole cha shahada, huchanika. Yeye atasema ameteguka tu. Mpe ufunguo aubane, uone anavyoshindwa.

Usianze kukivuta. Tanguliza eksirei, kwani pengine ligamenti imeng'oka na kipande cha mfupa, nawe ukakihamisha kilipokuwa kimetulia. Ndipo ukunje kiungo hicho cha shina nyuzi 30 hivi, usukume gumba nje taratibu, halafu upime vivyo hivyo gumba la mkono usioumia. Likifunguka zaidi ya mwenzake kwa nyuzi 15 au zaidi, au usipohisi mahali linapogota, shuku kwamba ligamenti imekatika yote. Mgonjwa akikaza mkono kwa maumivu, kipimo kitakudanganya; mchome ganzi kwanza.

Sasa shika hili kuliko yote. Mwaka 1962 daktari Mswidi, Bertil Stener, alieleza jinsi ncha ya ligamenti iliyokatika inavyoweza kuchomoka na kukaa juu ya utando wa msuli unaovuta gumba. Utando unabaki katikati, na ncha hazikutani tena hata ukifunga plasta ngumu ya jasi mwaka mzima. Wakati mwingine utapapasa uvimbe mdogo mgumu. Picha ya ultrasaundi au ya MRI itathibitisha. Huyo ni wa upasuaji, na afadhali ndani ya wiki 3 za mwanzo, kabla ligamenti haijasinyaa.

Iliyochanika kidogo haihitaji kisu. Plasta au banzi kwa wiki 4 hadi 6, kiungo cha karibu na ukucha kikiachwa kijikunje, kisha mazoezi.

Wanaonisikitisha ni wanaokuja baada ya miezi, gumba limelegea, hata kubana kalamu ni shida. Wakati huo daktari huenda akalazimika kupandikiza kano kutoka sehemu nyingine ya mwili, na kiungo chenyewe pengine kimeshaanza kusagika.

Swali lako la bega nitalijibu barua ijayo. Mwambie mama nitapiga simu Jumapili.

Dada yako akupendaye