Wenye mabwawa Kisumu, watengeeni watu wazima leni moja

Mhariri,

Tangu Kenya na Uingereza zitie saini mkataba wa wahudumu wa afya mwaka wa 2021, wauguzi vijana wa hapa Kisumu hunijia na maswali yale yale: mshahara, kodi ya nyumba, baridi. Hakuna anayeuliza atakaa na nani jioni akitoka zamu. Mimi nilifanya kazi Sheffield kabla ya kurejea nyumbani, na jibu langu huwachekesha: tafuteni timu ya kuogelea ya watu wazima.

Nilizaliwa Dunga, Ziwa Victoria likionekana kutoka mlangoni, nikavuka miaka thelathini bila kujua hata kuelea. Wavulana walijitupa majini; sisi wasichana tulitumwa maji na ndoo. Kuogelea nilikuja kujifunzia Sheffield, mji usio na bahari, katika masomo ya jioni ya watu wazima. Mwalimu alipoona namaliza raundi kadhaa bila kushika ukuta, akanisukumia kwa timu.

Kocha hakuniuliza natoka wapi. Alitaka kujua mita 100 nazimaliza kwa muda gani, na kwa kuwa sikujua, akanipeleka leni, yaani njia ya kuogelea, ya pole pole. Mwisho wa kila leni pana kibao chenye mshale: hii mnazunguka kufuata saa, ya jirani kinyume chake. Ukutani pana saa kubwa yenye mkono mwekundu. Mkono huo ukifika juu, wa kwanza anaondoka, na wa pili anamfuata baada ya sekunde 5. Ukitaka kumpita aliye mbele, unamgusa unyayo, naye akifika ukutani anajibana pembeni upite. Hapo ndipo adabu ya kwetu iliponishika. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa bibi wa miaka 71. Nimguse mguu? Nikawa nanyata nyuma yake, leni nzima ikinirundikania, hadi akasimama, akavua miwani na kuniambia, "Mwanangu, usiponigusa ndipo unaponiudhi." Nikamgusa. Kuanzia jioni ile nilikuwa mtu wa leni ya pole pole, nina zamu yangu na sekunde zangu 5, na nisipofika mtu aliniuliza nilikuwa wapi.

Suala la nywele lilikuwa gumu zaidi. Nilikuwa na rasta, na kofia za kawaida za kuogelea hazikutengenezwa zikiwaza kichwa kama changu. Nikigeuka ukutani tu, kofia inabaki nyuma. Haikuwa shida yangu peke yangu. Mwaka wa 2021 shirikisho la kuogelea la dunia lilikataa kofia kubwa zilizoshonewa nywele kama zetu zisitumike katika Olimpiki ya Tokyo, michezo ile ile ambayo Alice Dearing alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuiogelea Uingereza katika Olimpiki. Kofia hizo zilikubaliwa Septemba 2022. Leni yetu haikungoja shirikisho: mmoja alishika kofia kushoto, mwingine kulia, wakanivisha kama wanaovisha mto foronya.

Si wote walikuwa watamu. Kuna bwana alidhani Wakenya tunajua kukimbia tu. Nilimtajia Jason Dunford, Mkenya aliyenyakua dhahabu ya mita 50 mtindo wa kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi, 2010. Aliitafuta kwenye simu papo hapo, na tangu siku hiyo salamu zake zikawa na heshima.

Katika timu hizi umri si aibu. Mashindano hupangwa kwa rika la miaka mitano mitano, na kwenye mbio za kupokezana hujumlishwa umri wa waogeleaji wanne. Timu yetu ya mchanganyiko, wanawake wawili na wanaume wawili, ilifika miaka 209, tukaingia kundi la 200 hadi 239. Bibi yule ndiye aliyetuinua. Ni wapi pengine mtu huombwa aongeze miaka yake?

Sasa nimerudi Kisumu na sina pa kuendelea. Mabwawa yapo: ya hoteli, ya vilabu, ya shule. Jumamosi ni ya watoto. Jumapili ni muziki, chipsi na watu waliosimama majini hadi kiunoni wakipigana picha. Nilipouliza kuhusu mazoezi ya watu wazima, karani mmoja alinitazama kwa huruma: "Mama, masomo ni ya watoto." Na msiniambie niende ziwani. Kuna kichocho, kuna viboko, na gugumaji likisukumwa na upepo hufunga ufuo kwa usiku mmoja. Si mahali pa mtu anayeanza.

Hata hivyo ziwani ndiko tunakopata riziki. Nawajua wavuvi, watu wazima wenye familia, wanaoondoka na mashua usiku na hawawezi kuogelea kutoka ukuta hadi ukuta. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka wa 2021, na Umoja wa Mataifa umeitenga Julai 25 kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo. Hotuba tutazisikia. Ninachoomba hakihitaji hotuba.

Leni moja, jioni mbili kwa wiki, baada ya saa kumi na moja watu watokapo kazini, kwa kiingilio ambacho mvuvi na mwuza omena wanaweza kukimudu. Mwokoaji awe wa bwawa. Saa ya ukutani nitanunua mimi, na nitasimama ukingoni kuwapanga wageni bila malipo, mradi muziki upunguzwe tusikie filimbi.

Muuguzi,
Dunga, Kisumu