Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Mombasa: 8.9 iliyongoja miezi saba

Mheshimiwa,

Assalaam aleikum. Naandika kutoka Likoni, na mbele yangu ipo karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kutoboka. Katikati pameandikwa 8.9, ikazungushiwa kalamu nyekundu. Hicho ndicho kiwango cha himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, alichokuwa nacho dadangu siku alipoambiwa valvu ya moyo wake, yaani mlango wa kupitishia damu, haina budi kupasuliwa. Mwanamke mzima hutarajiwa awe na 12 au zaidi.

Alingoja miezi saba. Karatasi hii ilivuka feri kwenda na kurudi, kila daktari akaitazama, na hakuna aliyemwandikia hata kidonge cha madini ya chuma. Hospitali sizitaji, maana sikuja kushtaki mtu.

Upasuaji ulipokaribia ndipo tukaambiwa tulete watu sita wa kutoa damu. Wayajua mambo haya: simu kwa binamu wa Kisauni, tangazo msikitini baada ya Ijumaa, vijana wa boda kubembelezwa. Walikuja kumi na mmoja, wanne wakarudishwa. Mmoja wao alikuwa shangazi yetu, aliyekutwa damu yake mwenyewe haitoshi. Siku hiyo tulicheka.

Dadangu aliongezwa pakiti nne za damu. Usiku wa tatu nilikuwa nimemshika mkono, vidole vyangu vikiwa juu ya mshipa, nikahisi mapigo yanakwenda kama ya mpiga chapuo aliyepotewa na ngoma: matatu ya haraka, kimya, moja, kisha mengi yakirukiana. Muuguzi alitupia jicho ile skrini, akatoka mbio.

Hali hiyo madaktari huiita fibrilesheni ya atria. Vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma, damu ikatuama humo, na ikiganda, bonge laweza kupanda hadi kwenye ubongo likampoozesha mtu. Huwapata wagonjwa kati ya 20 na 40 katika kila 100 wanaopasuliwa moyo, aghalabu siku ya pili au ya tatu. Kwa hivyo dadangu hakuwa kioja.

Wala sisemi ni zile pakiti nne zilizomletea. Valvu iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni yatosha kuvuruga mapigo, na daktari aliniambia hivyo waziwazi. Ila tafiti nyingi zimeona kuwa wanaoongezwa damu hupatwa zaidi. Huenda ni kwa sababu damu huongezwa aliye hoi zaidi. Huenda pia ni damu yenyewe: hukaa kwenye friji hata siku 42, huweza kuamsha uvimbe mwilini, na wingi wake huutanua moyo wenye kidonda kibichi. Ubishi huo nawaachia wenyewe.

Lisilo na ubishi mwingi ni hili. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 5,000 wa upasuaji wa moyo katika nchi 19. Waliongojwa hadi himoglobini ishuke chini ya 7.5 ndipo waongezwe damu hawakufa wala kupooza zaidi kuliko walioongezwa mapema, ilipopungua 9.5. Lakini anayeingia chumba cha upasuaji na 8.9 ana nafasi gani ya kupungukiwa? Akivuja damu kidogo tu, keshafika hiyo 7.5.

Ombi langu, Mheshimiwa, ni kwamba kila anayeandikiwa rufaa ya upasuaji wa moyo katika kaunti hii apimwe damu siku hiyo hiyo, na upungufu utibiwe papo hapo Likoni, Mtongwe au kokote aliko, huku akingoja. Atafutwe minyoo. Mwanamke aulizwe hedhi yake, hata kama daktari ni mwanamume na mgonjwa anaona haya. Apewe madini ya chuma, tena aambiwe asiyateremshie chai, maana chai huyazuia kuingia mwilini. Dadangu alilijua hilo baada ya kupasuliwa, na kwetu mahamri hayaliwi kwa maji. Na hospitalini, pakiti moja ikiisha, apimwe kwanza kabla ya kutundikiwa ya pili.

Sasa anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na kila akienda kupimwa kuganda kwa damu nampeleka mimi. Ile karatasi ya 8.9 bado ninayo. Nikiitwa ofisini kwako nitakuja nayo.

Wako,
Mkaazi wa Likoni