Barua ya Wazi kwa Vijana wa Maabara wa Unguja na Pemba

Wanangu,

Assalaam alaykum. Nilishastaafu kazi ya maabara, lakini kila nikipita kwenu Chake Chake naona mnavyofurahia orodha ndefu za jeni zilizosomwa kutoka kwa bakteria wa tumboni. Furahini, maana sisi hatukuzipata. Ila jeni hukwambia kwamba kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemikali ndani ya kiumbe, kinaweza kutengenezwa. Haikwambii kama saa hii kinafanya kazi, kwani vimeng'enya vingi hutengenezwa vikiwa vimefungwa, vikasubiri kuamshwa, na vingine huzuiwa vikiwa tayari.

Ndiyo maana nawasihi mjifunze vichunguzi vya kikemikali. Mtoto wa Pemba haimpigi chenga hii: kichunguzi ni mshipi. Ndoana yake ni kemikali inayoshikana kwa nguvu na pale mahali ambapo kimeng'enya hutendea kazi, chelezo chake ni rangi ing'aayo au biotini, vitamini ndogo inayotumika kama mpini wa kukivutia juu, na kati yao upo uzi unaowaunganisha. Samaki mfu hali chambo, na kimeng'enya kilicholala hakinasi. Benjamin Cravatt na wenzake huko Marekani walionyesha njia hiyo mwaka 1999 kwa fluorofosfoneti, kemikali inayonasa vimeng'enya vinavyofanya kazi kwa serini, moja ya asidi amino zinazojenga protini. Hata penisilini, mliyoizoea hospitalini, huishika serini ya vimeng'enya vya kujengea ukuta wa bakteria isiiachie. Ikifungwa rangi, huwa kichunguzi.

Kwetu mfano unaouma ni kipindupindu. Mwaka 2016 ilichapishwa kazi iliyotumia vichunguzi vya namna hii katika majimaji ya utumbo wa sungura walioambukizwa na katika choo cha wagonjwa, kile tunachokijua sote kwa sura ya maji ya mchele. Vilinaswa vimeng'enya vya bakteria na vya mwenyeji pia, yaani vya mwili ulioambukizwa, vikiwa kazini ndani ya ugonjwa wenyewe. Kimoja cha bakteria, kiitwacho IvaP, hukata intelektini, protini ya utumbo inayowang'ang'ania bakteria, hata ikapungua kuwashika. Orodha ya jeni peke yake isingetufikisha hapo.

Sasa sikilizeni hili kwa makini, kwa sababu limenigharimu. Katika maabara moja niliyofanya kazi tuliona mstari uking'aa kwenye jeli ya kutenganishia protini, tukashinda wiki mbili tukiusimulia. Hatukuwa tumechemsha sampuli ya kulinganishia, ili vimeng'enya vyake vife. Tulipoichemsha, mstari ulibaki pale pale, ung'avu ule ule: rangi ilikuwa imegandia protini tu, bila kazi yoyote. Kwa hiyo kila mara chemsheni sehemu moja ya sampuli kabla ya kutia kichunguzi, na nyingine itangulizieni kizuizi kinachojulikana, yaani kemikali inayozima kimeng'enya hicho. Mstari wa kweli hufifia kote kuwili. Mkiona umebaki, ufuteni daftarini hata kama mwalimu wenu ameshaupenda.

Na msizembee muda. Wengi wa bakteria wa utumbo huchukia hewa, na choo kikikaa juu ya meza mchana wa joto letu, mtakachonasa ni habari za meza, si za tumbo. Tieni kichunguzi seli zikiwa hai, kabla hamjazipasua, kwani zikipasuliwa vizuizi na vimeng'enya vilivyokuwa mbalimbali hukutana. Na juu ya kifuniko cha kila kichupa andikeni saa sampuli ilipotoka kwa mgonjwa, si saa ilipofika mikononi mwenu.