Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: lile lori la kompyuta lisubiri kwanza

Kwa Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,

YAH: KOMPYUTA 22 ZA SEKONDARI ZILIZOANDIKWA "HAIKIDHI"

Kamwene, Mkurugenzi.

Jina la halmashauri yako sitaliandika hapa. Ukifika aya inayofuata utajijua mwenyewe, na ninavyoona mimi, wenzako kadhaa nao watajijua. Mimi ni fundi kompyuta, ofisi yangu ipo Mashine Tatu hapa Iringa mjini, na kazi hii nimeianza enzi za Windows XP, wateja walipokuwa wakileta CPU imefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli.

Wiki tatu zilizopita mwalimu wa TEHAMA wa sekondari moja ya kata, kule juu kwenye misitu ya mbao, alinipigia simu. "Fundi, wamepita watu na orodha. Kompyuta zote zinaondolewa, lori linakuja mwisho wa mwezi." Kesho yake nikapanda gari la alfajiri. Nilikuta kila mashine imebandikwa karatasi ya njano usoni, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: HAIKIDHI. Zote 22. Kwenye fomu iliyoachwa kwa mkuu wa shule sababu ni moja tu, kwamba hazipokei Windows 11, mfumo wa Microsoft wa kuendeshea kompyuta uliofuata Windows 10.

Naomba nikueleze jambo lenyewe, maana nahisi ulipelekewa karatasi ya kusaini bila maelezo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kutoa bure masasisho ya usalama ya Windows 10, ambayo ilikuwa imetumika tangu Julai 2015. Siku hiyo kompyuta hazikuzimika. Zinawaka, zinachapa, zinaingia intaneti kama juzi. Kilichokatika ni viraka: wahalifu wa mtandaoni wakigundua tundu jipya, hakuna tena anayeliziba. Hatari hiyo ipo na siichukulii kimzaha, hasa kwa mashine inayotumiwa na watoto mia tatu na flashi zao zilizojaa virusi. Lakini kukosa viraka ni jambo moja, na chuma kufa ni jambo jingine.

Windows 11 yenyewe ina masharti. Inataka RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama inayoitwa TPM toleo la 2.0, na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, isiyo ya zamani sana. Kwa zile za Intel Core, kuanzia kizazi cha nane. Kukijua kizazi hakuhitaji fundi, Mkurugenzi. Hata katibu muhtasi wako anaweza. Soma namba ya prosesa: ikiwa i5-4590, ile 4 inayofuata kistari ndiyo kizazi, cha nne. Ikiwa i5-8500, ni cha nane.

Nikazunguka na daftari. Mashine 16 zilikuwa Dell OptiPlex 3020, kizazi cha nne, kweli hazikidhi. Nikafika kwenye sita zilizo karibu na dirisha, nikasimama. OptiPlex 3060. Prosesa i5-8500. Nazo zina karatasi ya njano!

Nikawasha ya kwanza, nikaandika tpm.msc, amri ya kukagua ile chipu ya usalama, ikajibu kwamba haioni TPM. Nikaizima, nikaiwasha tena huku nabonyeza F2, nikaingia kwenye mipangilio ya ndani upande wa usalama. Chipu ipo, ila imezimwa. Nikaiwasha. Diski nayo ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa kizamani, MBR, na Microsoft wenyewe wameweka amri ya mbr2gpt inayoigeuza bila kufuta mafaili. Hata hivyo nilitanguliza kunakili kazi za wanafunzi kwenye diski ya nje, kwa sababu umeme wa kule hauna adabu. Mwalimu alipopima upya, mashine ikakubali. Kazi nzima haikufika nusu saa, na mara mbili tulisimama kunywa chai. Aliyekagua kabla yangu aliona alama nyekundu kwenye skrini, akabandika, akahamia mashine ya pili. Hivyo ndivyo kompyuta sita nzima zilivyoingia kwenye orodha ya vyuma chakavu.

Sasa hizo 16. Mjini hapa vijana watakuambia wanaweza kuzipiga Windows 11 kwa nguvu kupitia flashi, na ni kweli inawezekana. Nami nimewafanyia wateja wabishi. Ila kwa mashine ya namna hiyo Microsoft hawatoi ahadi ya masasisho, kwa hiyo utakuwa umerudi kulekule. Kwa mali ya umma siishauri.

Kuna njia ambayo kwenye ile fomu haikutajwa kabisa. Taasisi za elimu zimewekewa na Microsoft bei yake maalumu ya kuongezewa masasisho ya Windows 10: dola 1 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili, dola 4 wa tatu, mwisho Oktoba 2028. Inabidi inunuliwe kupitia leseni za elimu, si kwa kadi ya mwalimu mmoja, na hapo ndipo mkono wa ofisi yako unahitajika. Piga hesabu: dola 7 mara mashine 16 ni dola 112 kwa miaka mitatu yote. Kabla hamjaingiza zabuni ya kompyuta mpya kwenye NeST, ule mfumo wa manunuzi ya umma, mtu aiweke namba hiyo mezani kwako.

Njia nyingine niliijaribu palepale kwenye mashine moja, kwa ruhusa ya mkuu wa shule. Nikafungua mfuniko, vumbi jekundu lilikuwa limelala juu ya feni kama unga wa ulezi. Nikapuliza. Nikachomoa RAM, nikasugua meno yake kwa ufutio wa penseli hadi yakang'aa, nikaongeza kipande kingine cha RAM ya aina ya DDR3 kutoka kwenye kopo langu la Blue Band ninamohifadhi vya mitumba. Diski ya kuzunguka nikaitoa, nikaweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya GB 240, kisha nikapiga Linux Mint 22, mfumo unaokaa mahali pa Windows. Programu hiyo ni ya bure na masasisho yake yanaendelea hadi 2029. Mashine ambayo mwalimu aliniambia huiwasha kisha akaenda kuita mahudhurio, sasa inawaka kabla hujavuta kiti. Binti mmoja wa kidato cha pili alikaa, akafungua LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia kama Word, akaandika jina lake, akaniuliza, "Mbona hii inawahi hivi?"

Sikuuzii mbuzi kwenye gunia. LibreOffice wakati mwingine huvuruga majedwali yaliyotengenezwa kwenye Word, na mhasibu wa shule atalalamika siku ya kwanza hadi ya mwisho. Watahiniwa wa somo la kompyuta nao ni salama zaidi wakitumia Word na Excel zenyewe. Ndiyo maana zile sita za dirishani ni muhimu: zipigwe Windows 11, ziachwe kwa watahiniwa na mhasibu. Zilizobaki zifundishie kuchapa, kutafuta habari na kuandika programu.

Kuna jambo la diski, na hili linanikera kuliko yote. Mwaka juzi nilinunua mnadani lundo la kompyuta chakavu za ofisi moja ya umma. Diski ya kwanza kuifungua: majina ya watumishi, mishahara, namba za akaunti za benki. Nilifuta zote, lakini sikuwa mnunuzi peke yangu siku ile. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwenye hizo 22 kuna alama za wanafunzi, tarehe za kuzaliwa na namba za simu za wazazi, na kwenye fomu ya kuziondoa hakuna hata mstari mmoja unaosema nani atafuta diski.

Ninachoomba ni kidogo. Lori lisitishwe. Mtume afisa wako wa TEHAMA akae siku moja pale shuleni, na mimi au na fundi mwingine yeyote unayemwamini, wapite mashine moja moja na mfuniko wazi. Zitakazoonekana zimekufa kweli zitolewe diski, zifutwe, ndipo ziende mnadani. Nauli nitajilipia, na kopo la Blue Band nitakuja nalo.

Karatasi za njano hatukuzibandua, hata zile sita. Mwalimu alitaka, nikamkataza. Zimewekwa kwa jina la ofisi yako, zisubiri mkono wa ofisi yako.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi kompyuta, Mashine Tatu, Iringa