Barua kwa Mkurugenzi Mkuu wa Kenya Space Agency: chuma kikianguka tena, mamangu ampigie nani?

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Salamu nyingi. Mimi ni mtoto wa Makueni, kazi iko mjini lakini mama yuko nyumbani, na tangu tarehe 30 Desemba 2024 kile chuma cha kutoka angani kilipoanguka kijiji cha Mukuku, kitu chochote kikinguruma huko juu lazima anipigie simu.

Kwanza asanteni, mlifika haraka mkakichukua, mkatuambia ni pete ya roketi, upana mita 2.5 na uzito kama kilo 500, na kwamba vitu kama hivyo hutarajiwa kuungua vikirudi ama vianguke kwenye bahari. Sawa, lakini hiki kilikuja Mukuku na kilo 500 ni fahali mzima, sasa fikiria kingetua kwa paa la mtu na watoto wako ndani.

Basi nikakaa nikasoma ule mkataba wa 1972 wa fidia za vitu vya angani. Unasema nchi iliyorusha italipa kila hasara iliyotokea huku ardhini, hata kama haikufanya kosa lolote. Nikafurahi sana, mpaka nikafika pale inasema kwa mkataba huo anayedai ni serikali kwa serikali, kupitia mabalozi, na muda wa kudai ni mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja! Ghala la mama likivunjwa leo, aende kwa chifu, chifu aandike wapi, ifike kwenu lini, na nyinyi mpeleke kwa wizara gani?

Canada walipitia haya. Mwaka wa 1978 setilaiti ya Wasovieti, Kosmos 954, iliwaangukia na mtambo wake wa nyuklia, wakapeleka hesabu ya gharama za kutafuta vipande na kusafisha, kama dola milioni 6, na mwaka wa 1981 wakakubali milioni 3. Bila hesabu hungelipwa hata senti, na hesabu inaanzia kijijini siku ile ile, picha zikipigwa kabla mtu hajasogeza kitu.

Halafu kuna watu wa vyuma chakavu, wewe unajua, kipande kidogo kikianguka usiku asubuhi kimeshapimwa kwa kilo, na vingine hubaki na mafuta ya roketi ambayo ni sumu. Hilo watu hawajaambiwa vya kutosha.

Na tusisahau na sisi tunarusha. Setilaiti yetu Taifa-1 ilipanda Aprili 2023 na roketi ya Marekani, lakini kwa mkataba huo aliyeagiza kurushwa naye ni mrushaji, kwa hivyo ikileta hasara kwa wengine tutaulizwa pia. Ngomeni nayo, kule pwani kulikorushwa roketi zamani, ikirudi kurusha, nchi yenye ardhi pia inahesabiwa mrushaji. Kwa hivyo hii njia ya kudai tuijue vizuri, pande zote mbili.

Ombi langu ni dogo. Fomu moja kwa ofisi ya kila chifu, Kiswahili na lugha ya pale, na namba moja ya simu ya bure isomwe kwa redio na kwa baraza, mchana na usiku ipokelewe. Ikitoka tu, nitaiandika mwenyewe kwa mlango wa jikoni ya mama, chini ya namba ya daktari wa ng'ombe.

Wako, mwana wa Makueni