Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wasomaji, Mwanza

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tulikubaliana kusoma hadithi za kubuni za kisayansi tu, tukiongozwa na swali moja: mashine inaishia wapi, na mtu anaanzia wapi? Hesabu za ada atazisoma mhazini. Mimi naomba nijikite katika usomaji wenyewe.

Tulianza na Frankenstein ya Mary Shelley, iliyochapishwa London mwaka 1818. Wengi wetu tulidhani hilo ni jina la yule kiumbe, kumbe ni la mwanafunzi aliyemuumba, akamwona anafumbua macho, akakimbia. Kiumbe huyo anajifunza lugha kwa kuichungulia familia moja kupitia ufa, na siku anapojitokeza, mzee kipofu wa nyumba ile anazungumza naye kwa upole, hadi wenye macho wanaporudi na kumtimua kwa fimbo. Kwa maoni yangu, hatukusoma ukurasa mzito kuliko huo, kwa kuwa hapo utu wa kiumbe hautafutwi mwilini mwake bali katika mapokezi anayopewa.

Tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, R.U.R., ndiyo iliyoipa dunia neno roboti, kutokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Wazee wetu walipolisikia hilo walikumbuka simulizi za baba zao za enzi za ukoloni, na mjadala ukahama kutoka kwenye mashine kwenda kwa anayetumikishwa.

Jioni hiyo, pale Kirumba, mama mmoja mwanachama alivua kifaa chake cha kusikilizia, akakiweka mezani kando ya kikombe cha chai, akasema kwamba bila hicho hamsikii mjukuu wake, kisha akatuuliza tunamweka upande gani wa mpaka. Tulinyamaza kwa muda. Aliyevunja ukimya ni kijana mvuvi wa dagaa: taa ya sola iliyochukua nafasi ya karabai, alisema, haijambadilisha yeye, lakini siku chombo kitakapoanza kuamua chenyewe, lazima awepo mtu wa kukijibia. Hapo nilimkumbuka yule mwanafunzi aliyekimbia.

Kwa sababu hiyo, kamati inapendekeza mwakani tuandike hadithi zetu wenyewe, kwa Kiswahili, zinazotokea katika ziwa hili. Rasimu mbili nimekwishazipokea, na tutazisoma kwa sauti katika kikao cha kwanza.